Machicha Yasilale Kifumbuni

Mgeni akifika nyumbani kwangu hapa Tanga, jambo la kwanza analouliza baada ya salamu ni kuhusu tangi la samaki lililoko sebuleni. La pili huja akitoka uani kunawa mikono. Huona kwenye kamba ya nguo, kati ya kanga za mke wangu na mashati yangu, mifuko minne mirefu ya kitambaa cheupe, kila mmoja una mdomo wa bomba la plastiki. Huuliza, kwa adabu, ni vitu gani. Nami hujibu kwamba hizo ni soksi. Wengi hucheka wakidhani nimefanya mzaha, maana hakuna mguu wa mwanadamu unaoweza kuenea humo. Lakini soksi zile zina habari yake, na habari yenyewe si ya samaki peke yao. Ndiyo maana nimeona niiandike humu.

Nilihitimu Chuo cha Ualimu mwaka 1971, nikafundisha sayansi na hesabu katika shule za msingi, na kwa miaka 22 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Nilistaafu mwaka 2009. Mwaka 2022 mwanangu aliye Dar es Salaam alinunua tangi la samaki wa baharini kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya, naye akalileta kwangu kwa sababu mwanawe, mjukuu wangu, anakaa nasi na kusoma hapa. Kijana huyo alikuwa na miaka 14 wakati huo. Tangu utotoni alikuwa akipenda kushinda pwani maji yakitoka, akichungulia vidimbwi vya mwambani, na alikwisha kutuambia kwamba akikua atasomea viumbe wa baharini.

Kwa msomaji ambaye hajaona tangi la namna hii, nieleze kwa ufupi. Tangi la juu, la lita 200, ndilo wanamokaa samaki. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi jingine dogo ambalo wenyewe huliita sampu. Maji ya juu yakifikia kimo fulani hufurika ndani ya bomba, hushuka mpaka kwenye sampu, husafishwa huko, kisha pampu huyarudisha juu. Mzunguko huo hauna mwisho, mchana na usiku. Pale maji yanapoangukia kwenye sampu ndipo huning'inizwa soksi, yaani mfuko wa kitambaa kizito wa kuzuia takataka. Mifuko inayouzwa huandikwa namba, 100 au 200, ambayo ni ukubwa wa vitundu vyake kwa mikroni. Mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa mtu huwa na unene wa kiasi cha mikroni 50 hadi 100, hivyo unaweza kukisia jinsi vitundu hivyo vilivyo vidogo.

Tangi letu lilikuja na soksi mbili tu, tena zilizokwisha kuchoka. Baada ya miezi mitatu ya kwanza zilichanika mishono. Tuliuliza madukani hapa mjini, tukatazamwa kama watu waliopotea njia. Kuagiza nje kulihitaji fedha na subira, na pensheni ya mwalimu mnaijua. Hivyo tukaamua kutengeneza zetu.

Siku tulipokuwa tumezitandaza soksi zile kuukuu mezani, tukizipima kwa rula, mke wangu alipita na sinia la mchele. Akasimama, akatazama, akasema, "Mwalimu, mambo yote hayo, kumbe ni kifumbu tu!"

Nasi tukacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Kifumbu chetu cha ukindu, ambacho mama zetu wamekamulia nazi tangu enzi, kinafanya kazi hiyo hiyo. Tui linapita, machicha yanabaki. Mke wangu akaongeza neno ambalo wakati ule sikulitilia maanani: "Ila msisahau, machicha hayalali kifumbuni. Yakilala yanachacha, na ukikamua nazi ya kesho, tui lote linanuka."

Tukaanza majaribio. Kwanza tulijaribu kanga kuukuu ya bibi, iliyofuliwa mpaka rangi zote zilizotaka kutoka zikawa zimetoka. Tuliikunja mara mbili na kuifunga mdomo wa bomba. Ilichuja vizuri ajabu, lakini kabla ya siku kwisha iliziba, maji yakawa yanapita juu ya kingo. Tena pamba hasa haidumu ndani ya maji ya bahari. Vijidudu huila, na baada ya majuma machache kitambaa huwa laini kama karatasi iliyolowa. Pili tulijaribu marekani. Kitambaa hiki nakipenda kwa historia yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja kwa merikebu, Marekani ikatia mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kitambaa kikabaki na jina la nchi kilikotoka. Lakini historia haichuji maji. Marekani mpya ina wanga wa kiwandani, na wanga huo ukiingia katika tangi ni chakula cha vijidudu. Maji yalifanya ukungu mweupe kwa siku mbili.

Tatu tulijaribu soksi ndefu za kike za nailoni. Hizi hazioni taabu ya chumvi, haziozi, lakini hunyooka zikaacha vitundu vikubwa, na takataka ndogo hupita. Nne tulichukua pamba ya kujazia mito, ile nyepesi ya poliesta, tukaisuuza, tukaishindilia ndani ya chupa kubwa ya maji ya kunywa tuliyoikata kitako na kuitoboa matundu. Hiyo ilifaa. Ni rahisi, ikichafuka unaitupa, unaweka nyingine. Tatizo lake ni kwamba maji ni mvivu kama mwanafunzi mtoro, hutafuta njia ya mkato. Pamba ikijishika vibaya, maji hupita pembeni na kuiacha katikati ikiwa safi.

Haya yote tuliyaandika katika daftari, mjukuu wangu na mimi, kila jaribio na tarehe yake. Zilikuwa siku njema. Nilijiona nimerudi darasani, tena na mwanafunzi mmoja anayetaka kujua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Zamani kidogo nilikuwa nimesoma habari iliyonifurahisha sana. Huko Bangladesh, mwanasayansi wa Kimarekani Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara 4 au zaidi. Vijidudu vya kipindupindu hujishikiza kwa wingi kwenye viumbe wadogo mno wanaoelea majini, na kitambaa kile huwazuia viumbe hao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyotumia sari kuchuja maji, kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Tena sari kuukuu ilishinda mpya, kwa kuwa nyuzi zilizochoka hufumuka na kuzipunguza nafasi kati yake. Hali kadhalika, ugonjwa wa mnyoo wa Guinea, uliokuwa na wagonjwa wapatao milioni 3.5 mwaka 1986, ulishuka hata mwaka 2022 wakahesabiwa 13 tu duniani, na mojawapo ya silaha zilizotumika ni kipande cha kitambaa cha kuchujia maji.

Nikawaza: kama sari iliyokunjwa inaweza, kwa nini chandarua kisiweze? Chandarua ni poliesta, hakiozi. Vitundu vyake ni vikubwa, lakini ukikikunja mara nyingi vitapishana na kuwa vidogo. Kabatini kilikuwepo kimoja kilichochanika, nacho kilikuwa kimefuliwa mara mbili tatu. Jumamosi moja ya Novemba 2023 nikakikata, nikakikunja tabaka 8, mke wangu akanipigia mshono kwa cherehani yake.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Akaniuliza, "Babu, hicho chandarua si kina dawa?"

Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka kama yalivyo: "Kimeshafuliwa. Tena mimi nilikuwa nafundisha sayansi baba yako hajazaliwa."

Akanyamaza. Mtoto aliyelelewa vizuri hubishana na babu yake mara ngapi? Soksi ikawekwa saa kumi jioni. Saa moja usiku umeme ukakatika, kama ilivyokuwa mara kwa mara katika miezi ile. Tulikuwa na pampu ndogo ya hewa ya betri kwa ajili ya nyakati kama hizo, na kazi ya kuiwasha ilikuwa ya kijana. Usiku ule alikuwa kwa rafiki yake wakijisomea, akachelewa kama saa moja kurudi. Aliiwasha alipofika. Umeme ukarudi kabla ya usiku wa manane, pampu kubwa ikaanza tena kuzungusha maji kupitia chandarua changu.

Alfajiri nilipotoka kuswali nilikuta kamba wote sita wamelala chali juu ya mchanga. Kaa wadogo wanaobeba makombe walikuwa wametoka makombeni wakafa. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao mjukuu wangu alikuwa amewazoesha kula mkononi, walikuwa wakizunguka kwa ubavu kama walevi. Mpaka saa mbili asubuhi walikuwa wamekufa pia, na kitatange wetu akafuata. Konokono wa baharini peke yao ndio waliokuwa wakitembea kwenye kioo kana kwamba hakuna jambo.

Kijana alisimama mbele ya tangi na mikono kichwani. Kisha akasema, "Babu, ni mimi. Nilichelewa kuwasha ile pampu."

Nami nilijua palepale kwamba si yeye. Nilijua kwa sababu ya konokono, na kwa sababu ya mpangilio wa vifo. Maji yakikosa hewa, haielekei kamba na kaa watangulie wote, kisha samaki, halafu konokono wakae salama kabisa. Sumu inayoua namna ile ni sumu ya wadudu. Dawa inayotiwa kwenye vyandarua ni ya jamii ya pairethroidi. Kwa mtu anayelala ndani ya chandarua haina madhara makubwa, lakini kwa mbu ni kifo, na kamba na kaa ni ndugu wa mbu kwa maumbile, wote wana miguu ya pingilipingili. Samaki nao dawa hiyo huwaua kwa kiasi kidogo mno. Konokono ni ukoo mwingine, huistahimili zaidi. Tena vyandarua vya siku hizi vimetengenezwa dawa yake ikae kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani hutaka kistahimili kufuliwa mara 20. Mimi nilikuwa nimetegemea mara mbili tatu. Kutoka kwa wale akina mama wa Bangladesh nilichukua nusu ya somo, kukunja kitambaa, nikaiacha nusu nyingine, yaani kuangalia ni kitambaa gani.

Haya yote yalinipitia kichwani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuyaandika. Halafu nikasema nini? Nikasema, "Basi, usilie. Ndiyo dunia." Nikaitoa ile soksi ya chandarua, nikaenda kuifukia uani nyuma ya mchungwa.

Msomaji, nisijipake mafuta. Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu. Nikajiambia kwamba kijana atajifunza uangalifu, kwamba si vizuri heshima ya mkubwa ishuke mbele ya mtoto, kwamba nitamweleza baadaye mambo yakitulia. Mambo yakatulia, nami sikumweleza. Siku 11 zilipita. Katika siku hizo alikuwa akitoka shule, anakula, anaingia chumbani. Hakulitazama tangi. Siku ya 12 nilimkuta ameweka sandukuni vipimo vya maji, kijiko cha chumvi, wavu mdogo, hata lile daftari letu. Nikamuuliza anavipeleka wapi. Akasema anampa rafiki yake. "Mimi si mtu wa kukabidhiwa kitu chenye uhai, Babu. Nitasomea biashara."

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka mtoto mwingine.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu wa darasa katika shule moja ambayo siitaji. Boksi la chaki lilipotea, na chaki siku hizo zilikuwa adimu kama sukari. Kiranja wa darasa ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati. Nilimchapa viboko mbele ya darasa na kumvua ukiranja. Baada ya juma moja nililiona boksi lile nyuma ya mafaili ndani ya kabati langu mwenyewe, nilikoliweka kwa mikono yangu. Nikagawa chaki zile pole pole, kimoja kimoja, bila mtu kujua zimetoka wapi. Yule mtoto alimaliza darasa la saba mwaka ule, familia yake ikahama. Sijui aliko. Akiwa hai sasa ni mtu mzima wa miaka 50 na ushee, na huenda hadi leo kuna watu wanaomkumbuka kuwa ni yule aliyeiba chaki. Niliwahi kupokea cheti cha mwalimu bora baada ya hapo, na watu wakapiga makofi.

Ndipo neno la mke wangu liliponirudia. Machicha hayalali kifumbuni. Nilikuwa nimekaa na machicha yale kwa miaka karibu 40, na sasa nilikuwa nimeongeza mengine juu yake.

Asubuhi ikafika. Nilimwita kijana mezani, nikachukua karatasi, nikachora safu mbili. Nikamwambia, "Andika hapa waliokufa, kwa utaratibu waliokufa. Na hapa andika waliopona." Akaandika, bila hamu: kamba, kaa, samaki. Upande wa pili: konokono. Nikamuuliza, "Kama ingekuwa ni kukosa hewa, ungetarajia hivi?" Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Akasema taratibu, "Kamba na kaa ni jamaa za wadudu." Kisha akainua macho akatazama mahali palipokuwa na ile soksi. "Chandarua," akasema.

Nikasema, "Ndiyo. Na wewe uliniuliza, nami nikakunyamazisha. Waliokufa wamekufa kwa mkono wangu."

Nilidhani hapo kazi imekwisha. Lakini akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini na ya heshima, na ndilo lililoniumiza kuliko yote: "Ulijua lini, Babu?"

Nikajibu, "Asubuhi ileile."

Hakusema kitu. Alitoka, akaenda pwani, akarudi jua likizama. Mke wangu, aliyekuwa akisikia kila kitu jikoni, aliniwekea chai na kusema, "Umechelewa, Mwalimu, lakini umekamua." Kijana alipoingia alichukua sanduku lake, akalirudisha chini ya meza. Siku mbili baadaye akaniletea daftari, akanitaka niandike jaribio la chandarua kwa mkono wangu, na tarehe yake, kama tulivyoandika mengine. Nikaandika. Nimeandika ripoti nyingi za ukaguzi maishani mwangu, lakini hakuna iliyokuwa fupi na nzito kama ile.

Kusafisha tangi kulituchukua muda. Dawa ile hushikamana na plastiki na mawe. Maji tuliyamwaga yote kwenye shimo uani, hatukuyarudisha baharini. Mawe tuliyaacha, bomba tukabadilisha, tukaosha vioo mara nyingi. Tulileta maji mapya ya bahari, tukayazungusha wiki kadhaa huku vijidudu vyema vikijijenga upya. Maana kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu fulani huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Na vingine huigeuza kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Kazi hiyo huchukua kama mwezi hadi mwezi na nusu kusimama sawasawa. Kisha tukatia kamba wawili tu, tukawaangalia siku 10. Walipoishi, ndipo tukathubutu kutia samaki.

Na soksi? Tuliishia na hii ninayoanika uani. Kwa anayetaka kujitengenezea, utaratibu wetu ni huu. Kata pete ya bomba la plastiki la inchi 4, upana wa vidole vitatu. Kipenyo chake kwa nje ni sentimita 11, hivyo mzingo ni 11 mara 3.14, yaani sentimita 34.5. Ongeza 2 za mshono, upate 36.5. Chukua kitambaa kizito cheupe cha poliesta tupu, kile cha mgandamizo kisichofumwa, kisicho na rangi wala dawa ya kuzuia moto, maji au wadudu. Kama muuzaji hajui kilichotiwa, usinunue. Urefu sentimita 30 unatosha. Mshono uwe mara mbili, na uzi uwe wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba utaoza kabla ya kitambaa. Pindua mdomo juu ya pete na uubane kwa kamba ya plastiki. Usitumie zipu wala waya, kwani vyuma hushika kutu, na shaba huua kamba na konokono.

Iweke soksi mahali ambapo ikiziba, maji yatafurikia ndani ya sampu na si sakafuni. Vilevile usiijaze sampu mpaka juu, kwa kuwa umeme ukikatika maji ya bomba na ya ukingo wa juu hushuka yote, nayo yanahitaji nafasi. Hili mke wangu angeweza kukueleza vizuri zaidi, maana zulia lilikuwa lake.

Lililo kubwa kuliko yote ni kuosha. Itoe kila siku ya tatu, hata kama bado inapitisha maji. Igeuze ndani nje, isuuze kwa maji ya bomba yenye nguvu, bila sabuni na bila dawa ya kulainisha nguo. Mara moja moja iloweke kwenye maji yenye jiki kidogo, isuuze sana, kisha ianike juani mpaka harufu ya klorini iishe kabisa. Kuwa na nne ili moja iwe kazini na nyingine zikauke.

Mtu ataniuliza, kwa nini siku ya tatu, nayo haijaziba? Hapo ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea. Uchafu ulionaswa ndani ya soksi haujatoka majini. Umekusanywa tu mahali pamoja, na maji yanaendelea kupita juu yake mchana na usiku, yakiubeba kidogo kidogo baada ya kuoza. Ukitazama tangi la juu utaliona linang'aa, utajisifu. Kumbe soksi isiyooshwa ina hasara kuliko kutokuwa na soksi, maana asiye nayo anauona uchafu wake.

Kijana sasa yuko bweni, kidato cha tano, anasoma fizikia, kemia na biolojia. Akija likizo husalimia, hunywa maji, kisha kabla hajakaa hufungua kabati la chini na kuvuta soksi kwa vidole viwili. "Babu, hii ni ya lini?"

Humjibu ukweli. Kama ni ya siku ya nne, nasema ya siku ya nne.

Yule kiranja wa mwaka 1984 sina njia ya kumpata. Nimeuliza kwa walimu wenzangu wachache waliobaki, hakuna anayejua. Sikutaja jina lake humu kwa kuwa sina ruhusa yake. Lakini kama wewe unayesoma ulikuwa katika darasa lile, na unakumbuka asubuhi ile ya viboko, basi jua kwamba chaki hazikuibwa. Zilikuwa kabatini kwangu. Na ukimwona, mwambie.